Programu Iliyotupwa Bila Matanga

Shida yangu ilianza mwaka 1998, nikiwa na miaka thelathini na tatu, wakati treni iliyobeba ndakala zangu kwenda Kabalo ilipoondoka na haikurudi tena. Vita ilikaa katikati ya njia kama ng'ombe aliyelala: huwezi kumupita, huwezi kumuamusha. Ndakala, kwa ninyi munaosoma mbali na ziwa, ni vile visamaki vidogo vya kukausha juani. Nilikuwa na magunia yake ndani ya nyumba, watoto wanne juu ya magunia, na kichwani darasa la tatu la primere. Basi. Hiyo njo ilikuwa mali yangu yote.

Ninawaandikia ninyi vijana munaotengeneza ordinatere, wengine wanaziita kompyuta, hapa Kalemie, munaovaa miwani kabla ya macho kuharibika. Mimi Mama Zaina nimefanya kazi hiyo mpaka nimeiacha kwa kupenda mwenyewe, hakuna aliyenifukuza. Juzi kijana mumoja ameniletea mashini yake. Programu ya muziki imekataa kurudi. Nikamuuliza: "Umeondoa matanga?" Akaniangalia kama vile mimi njo nina virusi. Nikaona ni afazali niandike, maana nikifa hamutajua hata neno hilo limetoka wapi.

Sikutafuta kazi hii. Shemeji yangu Rajabu alikuwa na studio ndogo karibu na bandari. Korali za kanisa zilikuja kurekodi pale, vikundi vya kaswida vilikuja, na orkesta za vijana zilikuja na magitaa ya mbao. Vita ilipokaribia, Rajabu alipanda boti ya Kigoma. Alinipa ufunguo na kusema: "Mama Zaina, nichungie studio. Nitarudi wiki kesho." Wiki hiyo haijafika mpaka leo. Yuko kule, ana tumbo kubwa, ananisalimia kwa simu.

Mimi nilifungua mulango, nikakuta meza, mikro ya kuimbia, bafle mbili za kutoa sauti na ordinatere moja. Nikajiambia: kitu kikiwa na mudomo na masikio, kinaweza kunilisha.

Aliyenifundisha ni Papa Anselme. Alikuwa fundi wa telefoni za reli, lakini reli ilikuwa imelala, na telefoni zake zililala nayo. Alikuja studio kila siku kwa sababu pale kulikuwa na kiti chenye muto. Alijua umeme kama mimi ninavyojua samaki. Ordinatere hakuijua sana, lakini alisoma Kifaransa vizuri, na hakuwa muntu wa kuona haya kusema "sijui". Yeye alisoma, mimi nilishika. Kusoma kwangu kulikuwa kwa sura. Programu yetu ya kunasa sauti nilijua jina lake hivi: linaanza na ndoana, katikati kuna sufuria mbili, mwishoni ndoana tena. Munacheka? Mimi sijawahi kufuta programu ya muntu mwingine kwa kukosea jina. Ninyi munaosoma haraka njo munafuta.

Papa Anselme alinipa sheria moja ya kwanza: "Mama Zaina, usiogope mashini. Ogopa umeme unaporudi." Kweli. Umeme wakati ule ulikuja kama mugeni asiye na adabu, bila kubisha, kwa nguvu, na ukaondoka na kitu. Ukikatika, chomoa waya zote. Ukirudi, ngoja taa itulie kabla ya kuchomeka. Sheria hiyo haijazeeka.

Sasa komanda.

Wakati wa vita kila muji ulikuwa na wakubwa wake, na sisi tulipata mumoja waliyemuita Komanda Radi. Hakuwa mubaya kupita wengine. Lakini alipenda vitu, na akipenda kitu, kitu kile kilihamia kwake kwa miguu ya askari. Alipenda baisikeli ya padri, ikahama. Alipenda mbuzi wa jirani yangu, naye akahama, hata hakupewa nafasi ya kulia.

Siku ya Jumatano kaporali wake aliingia studio, akavua kofia kwa heshima, akasema:

"Mama, komanda ana fete Jumamosi, watu watakula na kucheza. Anataka wimbo wake. Orkesta iko, itaimba. Katikati wamutupie mabanga. Halafu yeye mwenyewe atasema maneno kwa sauti yake."

Mabanga munayajua: ni yale majina ya wakubwa ambayo muimbaji anayapiga kelele katikati ya wimbo ili mwenye jina atoe kitu mufukoni.

"Hakuna neno, mwanangu," nikamujibu. "Wimbo utakuwa tayari."

"Ni vizuri. Usipokuwa tayari, komanda amesema ordinatere itakuja kukaa kwake, atafute mwenyewe fundi." Akavaa kofia. "Samahani, Mama. Mimi ninatumwa tu."

Muelewe vizuri kilichokuwa mezani. Mashini ile ilikuwa chakula cha watoto wanne. Ndakala hazikuwa na treni, mume wangu alikuwa amekwama Ankoro upande wa pili wa vita, na hakuna aliyejua lini njia itafunguka. Mashini ikihama, sisi tungehamia wapi?

Na siku ileile, baada ya kaporali kuondoka, umeme ulikatika na kurudi kwa hasira. Programu ikapata kiharusi. Ukiifungua, inaonyesha uso nusu, inakohoa, inajifunga. Papa Anselme alikuwa amekwenda kuzika muntu. Nikaamua mwenyewe. Kapu la ndakala likioza, hautafuti samaki mubovu mumoja mumoja. Unamwaga lote, unaosha kapu, unaanza upya. Basi nilikamata folda yote ya programu, nikaitupa kwenye pubeli, lile pipa la taka la mashini, na pubeli nayo nikaimwaga. Nikafurahi. Nikakaanga hata mihogo.

Papa Anselme aliporudi Alhamisi asubuhi nilikuwa nimeingiza CD ya Rajabu ili tuiweke programu upya. Kiandiko kikatokea. Papa Anselme akavaa miwani.

"Inasema: programu hii iko tayari ndani. Iondoe kwanza."

"Nimeiondoa. Nimeitupa kwa mikono yangu."

"Inasema iko."

"Basi iambie iondoke."

Akaenda mahali pa kuondolea programu, akalikuta jina lake pale kweli, akabofya. Kiandiko kingine.

"Inasema: siwezi kuiondoa, kwa sababu haiko."

"Papa Anselme, iko ao haiko?"

"Ukitaka kuingiza, iko. Ukitaka kutoa, haiko."

"Hiyo ni tabia ya Rajabu kabisa," nikasema.

Tulizima, tukawasha. Tulibadilisha CD kwa kuipangusa na kitenge changu kizuri. Tuliingiza tena, ikakataa tena kwa maneno yaleyale, kama katekista mwenye jibu moja. Alhamisi yote ikaisha hivyo.

Ijumaa asubuhi akaingia Papa Kitenge. Kwa upande wa mama yangu mimi ni wa ukoo wa Mbuzi, na yeye ni wa ukoo wa Chui. Kwetu hiyo maana yake ni utani: Chui anaweza kunitukana sokoni mbele ya watu na mimi siwezi kukasirika, nami ninaweza kumuvua kofia na kuikalia. Lakini utani si mchezo tu. Muntu wa Mbuzi akifa, watu wa Chui njo wanaosimamia kilio. Wao wanazima moto wa marehemu, wanafagia majivu, wanachukua sufuria wanayotaka, wanamusema marehemu vibaya mpaka wafiwa wacheke. Kabla hawajafanya hivyo, matanga hayajaondoka. Na matanga yasipoondoka, hakuna anayerithi jina la marehemu, hakuna anayelala katika nyumba yake, na mali yake haiguswi.

"Mbuzi wangu," akasema Papa Kitenge, "sura yako leo ni ya mbuzi aliyeona kisu. Nani amekufa?"

"Programu."

"Aaa! Na mumemuzika bila kuniita?"

Nikamueleza yote kwa hasira, kwamba niliitupa lakini inasema bado iko. Akakaa kwenye kiti cha Papa Anselme, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Lakini umefanya nini wewe Mbuzi! Umetupa maiti, matanga hujaondoa. Jina lake bado limekaa ndani ya nyumba. Huyo mupya atarithi jina gani, wakati mwenyewe hajaachia? Nipe ufagio na majivu, nifagie."

Na kweli alichota majivu kwenye mbabula yangu, lile jiko la makaa la kukaangia mihogo, akaja nayo mezani. Papa Anselme aliruka kama kijana.

"Weee! Majivu karibu na mashini? Toka! Toka na uchawi wako, muzee wa hovyo!"

"Munaona?" Papa Kitenge akasema akisukumwa nje. "Wananikataza kufagia. Mutanikumbuka!"

Alipotoka, Papa Anselme alikuwa bado anapangusa kibodi na kunung'unika. Mimi nilikuwa nimesimama tu. Nikamuuliza: "Papa Anselme, ndani ya mashini hii, majina yanakaa wapi?"

"Majina gani?"

"Programu ikiingia, mashini inajuaje kwamba imeingia? Lazima kuna mahali inapokumbuka majina ya waliomo. Mimi nimetupa maiti. Majina sijayagusa."

Papa Anselme akashusha kitambaa. Akasema pole pole: "Rejistre."

Rajabu alikuwa amemutajia neno hilo zamani, na alimuambia pia lango lake: pale unapoandika amri, unaandika neno fupi, dirisha linafunguka. Lakini alimuambia vilevile kwamba asiyejua asiingie. Tukaingia. Kwa nini? Kwa sababu Jumamosi ilikuwa kesho.

Sasa musikilize, hii njo kazi yenyewe. Rejistre ni kumbukumbu ya mashini. Kila programu inayoingia inaandikisha humo jina lake, mahali inapokaa na tabia zake. Vile vyumba vidogo vya kumbukumbu vinaitwa funguo. Ukitupa folda kwa mukono, funguo zinabaki, na mashini inaendelea kumuwekea marehemu sahani mezani. Kabla ya kugusa ufunguo hata mumoja, toa nakala ya rejistre yote, uiweke pembeni. Halafu tafuta jina la programu, futa kile tu ambacho ni chake, endelea kutafuta mpaka mashini iseme hakuna tena. Zima, washa, njo uingize programu.

Nakala hiyo tuliitoa kwa sababu Papa Anselme alikuwa muoga, na uoga wake uliniokoa. Maana mimi nikipata ufagio sijui kusimama. Nilifuta ndoana na sufuria zangu, halafu nikaona kitu kingine chenye neno la sauti, nikafuta. Kingine, nikafuta. Tulipowasha, mashini ilikuwa kiziwi na bubu. Hata ule mulio wa kuamuka haukutoka.

"Umezika na majirani," akasema Papa Anselme.

Tukarudisha nakala, sauti ikarudi, tukaanza tena. Safari hii yeye alikaa karibu, na kila mara kabla sijafuta aliniuliza: "Huyu ni wa ukoo wa marehemu?" Nikisema sijui, tunamuacha. Mpaka leo hiyo njo sheria yangu: usiyemujua, muache akae.

Tuliwasha. Tukaingiza CD. Ule mustari wa kujaza ukaanza kutembea, ukatembea, ukafika mwisho. Programu ikafunguka na uso wake wote. Nilipiga vigelegele mpaka wauza samaki wa bandarini wakaja kuuliza nani amejifungua.

Jumamosi asubuhi orkesta ilirekodi. Tulikuwa na njia nne za sauti: ya kwanza ya muimbaji, ya tatu na ya nne za magitaa. Ya pili tukamuachia komanda. Alikuja mwenyewe, akashika mikro kama anashika kuku shingo, akasema kwa sauti nzito ya kutikisa bati: "Mimi ni Radi! Nikinguruma, ziwa linanyamaza!" Tukahamisha yote kwenye kaseti. Kabla hatujaisikiliza, umeme ukaondoka, na kaporali akaikamata kaseti mukononi mwangu ikiwa bado na moto.

Hapa nirudi nyuma kidogo, kuna kitu sikuwaambia. Miezi michache kabla, watoto wa madrasa walikuja kurekodi kaswida. Muimbaji wao, Shabani, alikuwa na sauti nyembamba tamu. Asubuhi ya kurekodi akafungua mudomo, ikatoka sauti ya babu yake. Mwalimu wao alitaka kulia. Papa Anselme akapata katika programu kitufe cha kuinua sauti iwe nyembamba, tukakiweka kwenye njia ya pili ili kifanye kazi wakati wa kuhamisha kwenye kaseti. Shabani akawa mutoto tena. Kaseti ilipendwa mpaka Moba. Kitufe tukakisahau, maana tangu siku ile njia ya pili haikupata muimbaji.

Na rejistre, vijana, ina pande mbili. Kuna upande wa mashini na upande wa mutumiaji. Sisi tulifagia upande wa mashini, na ulitosha kwa programu kukubali kuingia. Katika ule upande wa mutumiaji, ambao unatunza tabia na vitufe vya kila muntu, tulichoka na kuogopa, tukaacha ufunguo mumoja. Programu mupya ilipoingia, ikaukuta, ikauvaa.

Fete ilikuwa katika ukumbi wa zamani wa watu wa reli, muchana, milango wazi. Sisi wa studio tulialikwa, maana yake tuliamriwa. Papa Kitenge alikuja bila mualiko, kama kawaida ya Chui. Kaseti ikaanza. Magitaa mazuri! Mabanga yakaanguka: "Komanda Radi eeh! Baba ya muji!" Komanda akasimama, akanyoosha mikono. Akamuambia kaporali kwa sauti ya kusikika: "Mashini hii ni nzuri. Jumatatu iletwe kwangu. Nitarekodi maneno yangu yote."

Papa Anselme alinishika mukono. Wimbo ulikuwa tayari, na mashini ilikuwa inahama vilevile.

Ndipo njia ya pili ikafika. Kutoka kwenye bafle kubwa mbili, mbele ya maofisa, wachungaji na mashehe, sauti ya kifaranga ikasema: "Mimi ni Ladi! Nikingulumaaa, ziwa linanyamaza!"

Sikuwahi kusikia ukumbi umenyamaza hivyo. Kweli ziwa lilinyamaza. Komanda akageuka polepole.

"Nani ameharibu sauti yangu?"

Akasimama Papa Kitenge.

"Mukubwa, usimulaumu huyu Mbuzi. Mimi ni mutani wake, ninajua mambo ya nyumba yake. Ndani ya mashini ile kuna marehemu. Amekufa Jumatano. Wamemutupa bila matanga. Mimi nimekuja na majivu yangu kufagia, wakanifukuza. Muulize huyu muzee wa telefoni."

Komanda akamuangalia Papa Anselme.

"Ni kweli," Papa Anselme akasema, jasho likimutiririka. "Majivu nilikataa."

"Basi unayemusikia njo huyo," akaendelea Papa Kitenge. "Anashika sauti ya muntu, anaivaa. Lakini si kitu, mukubwa. Ukiipeleka mashini kwako, atahama nayo. Atakuzoea tu."

"Atakaa wapi?"

"Mali ikikaa biro, pale unapofanyia kazi, atakaa biro. Ikikaa chumbani..." Papa Kitenge akafungua mikono. "Na ukitoa amri kwa askari asubuhi, sijui itatoka sauti gani."

Hapo kaporali alikohoa, kikohozi cha muntu anayemeza kicheko, na komanda akamusikia. Nilidhani tumekwisha. Lakini komanda naye alikuwa muntu wa kwao, na kwao pia mali ya marehemu haiguswi kabla ya matanga. Akakaa. Akaomba kinywaji. Akasema: "Mashini ibaki kwa huyu mama mpaka matanga yaishe. Halafu iletwe."

Baada ya hapo alimutuma kaporali mara nyingi. "Mama, komanda anauliza, matanga yameisha?" Nami nilijibu kwa huzuni: "Bado, mwanangu. Familia ya marehemu iko Ankoro. Hatuwezi kuondoa matanga bila familia, na njia imefungwa. Mwambie komanda atufungulie njia." Kaporali aliandika kichwani, akaondoka akificha kicheko begani mwake. Vita ilikwisha kabla ya matanga. Komanda alihamishwa, mume wangu akafika kutoka Ankoro kwa mutumbwi na miguu, amekonda kama ndoana, na kitu cha kwanza alichouliza ni kwa nini kila muntu barabarani anamupa pole ya marehemu asiyemujua.

Ninyi siku hizi muna programu zinazojiondoa zenyewe na kujifagia. Musiziamini sana. Fungueni muangalie, pande zote mbili. Toeni nakala kwanza. Na mukiitwa na mutani akiwa na ufagio, musikilizeni kabla ya kumufukuza, ila majivu abaki nayo nje.

Papa Anselme amekwisha kufariki. Kiti chake chenye muto hakuna anayekikalia isipokuwa Papa Kitenge, ambaye alijialika kusimamia kilio na kukichagua kiwe sehemu yake, lakini ananiachia nikitunze.

Leo nina nyumba ya bati yenye vyumba vitano. Nina duka la kutengeneza ordinatere na simu, ambalo mutoto wangu Zaina analiendesha. Nina pirogi mbili zinazovua ndakala. Nina pikipiki moja ya kukodisha. Nina bafle mbili za Rajabu, moja imepasuka. Nina meno yangu karibu yote. Na nina ile mashini, kwenye meza ileile, inawaka, na ule ufunguo mumoja bado umo ndani. Sijaufuta.